Keiki, kamaliʻi, kama: maneno ya Kihawaii ya kumwita mtoto

Honolulu ya leo imejaa neno keiki. Liko kwenye orodha ya vyakula vya watoto mgahawani, kwenye mlango wa kliniki, kwenye tangazo la mashindano ya kuogelea. Ndiyo maana wengi wanaoanza kujifunza Kihawaii huamini kwamba keiki ni mtoto mdogo tu, na kwamba kamaliʻi, kama, ʻōpio na mengine ni visawe vya kupamba lugha. Imani hiyo inaharibu tafsiri nyingi. Keiki wa kwenye orodha ya vyakula ni neno lililopitia Kiingereza cha visiwani, likabanwa huko mpaka likabaki na maana ya umri peke yake. Katika Kihawaii chenyewe umri ni jambo moja tu kati ya kadhaa. Lugha hii hutaka kujua kwanza mtoto ni wa nani, amezaliwa wa ngapi, na nani anamlea.

Mbano huo una historia. Sheria ya mwaka 1896 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na vizazi vilivyofuata vikakua vikiyasikia maneno ya Kihawaii yakiwa yamechomekwa ndani ya sentensi za Kiingereza. Katiba ya 1978 ndiyo iliyokirudishia Kihawaii hadhi ya lugha rasmi ya jimbo, na mwaka 1984 shule ya kwanza ya Pūnana Leo ilifunguliwa Kekaha, kisiwani Kauaʻi, ili watoto wa chekechea wasikie Kihawaii kutwa nzima. Anayejifunza leo anakutana na keiki wa aina mbili, wa Kiingereza cha visiwani na wa Kihawaii, na ni lazima awatenganishe.

Keiki wa Kihawaii ni mtoto wa mtu. Baba wa miaka themanini akimtaja binti yake wa miaka hamsini, bado ni keiki wake. Mtoto wa kaka yako au wa dada yako naye ni keiki wako. Mpangilio wa ukoo wa Kihawaii huwaweka watu wa kizazi kimoja pamoja: makua ni mama na baba, lakini pia ni shangazi, mjomba, baba mdogo na mama mkubwa, na wote hao wanaowaita makua ni keiki wao. Mwanaanthropolojia Lewis Henry Morgan aliuona mpangilio huu kuwa wa pekee kiasi kwamba katika kazi yake ya 1871 aliufanya kuwa mfano wa aina nzima ya mifumo ya ukoo, na hadi leo aina hiyo inaitwa ya Kihawaii. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa sana hapa. Ikibidi kubainisha kwamba ni mtoto wa ndugu, husemwa keiki hanauna kwa wa kiume na kaikamahine hanauna kwa wa kike.

Sarufi nayo inalitendea neno hili kwa namna ya pekee, na hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Kihawaii kina njia mbili za kusema "cha fulani", moja kwa a na nyingine kwa o. Kwa ujumla, kilichokuja kwako kwa tendo lako au hiari yako huchukua a. Ulichokikuta, kinachokubeba au kilicho sehemu yako huchukua o. Chakula chako ni a, kitabu chako ni a, mume au mke wako ni a. Mwili wako ni o, nyumba yako ni o, wazazi na ndugu zako ni o. Mtoto ni a. Hivyo "mtoto wangu" ni kaʻu keiki, na "mzazi wangu" ni koʻu makua. Mtoto wa Keola ni ke keiki a Keola, lakini mama wa Keola ni ka makuahine o Keola. Mjukuu anafuata njia ya mtoto: kaʻu moʻopuna.

Je, ukikosea utaeleweka? Utaeleweka, ila sikio la mjuzi litashtuka, na kwa baadhi ya maneno maana hugeuka kabisa. Ke kiʻi a Keola ni picha aliyoipiga au kuichora Keola. Ke kiʻi o Keola ni picha inayomwonyesha yeye. Anayesema koʻu keiki amemweka mwanawe upande wa wazazi na mababu. Mwanafunzi anayesitasita ana kimbilio moja zuri: kuʻu. Neno hili lina maana ya "wangu mpendwa" na halichagui kati ya a na o. Kuʻu keiki ni sahihi, na lina upendo ndani yake.

Wingi pia una mtego. Keiki lenyewe halibadiliki. Idadi huonyeshwa na maneno yanayolizunguka. Ke keiki ni mtoto mmoja anayejulikana, nā keiki ni watoto. Kukiwa na neno la umiliki mbele, wingi huonyeshwa kwa mau: kaʻu mau keiki, watoto wangu. Ukihesabu, tarakimu hutangulia na umiliki hupoteza k yake ya mwanzo: ʻekolu aʻu keiki, nina watoto watatu. Nā kaʻu keiki ni kosa linalorudiwarudiwa na wanaoanza, kwa kuwa wanabandika nā mbele ya kila kitu. Jingine ni ka keiki. Kibainishi, neno dogo linalotangulia jina, ni ke mbele ya majina yanayoanza na k, a, e au o, na ni ka mbele ya mengi yaliyobaki: ke keiki, ke kaikamahine, lakini ka pēpē, ka moʻopuna, ka hiapo.

Kamaliʻi sasa. Hili ni neno la kundi: watoto kama rika, watoto kwa jumla. Mtoto mmoja aliyesimama mbele yako ni keiki. Watoto wa kijiji wanaocheza ufukweni ni kamaliʻi. Utoto, yaani kipindi cha maisha, ni wā kamaliʻi. Kwa hiyo kamaliʻi ndilo neno lililo karibu zaidi na umri, na kwa sababu hiyo hubeba pia wazo la kutojua. Kuna methali inayoanza Kamaliʻi ʻike ʻole i ka helu pō, watoto wasiojua kuhesabu usiku wa mwezi, kisha inataja Muku, usiku wa mwisho mwezi ukiwa umefichika, halafu Hilo na Hoaka, siku mbili za mwandamo mpya. Huambiwa mtu mzima anayejitia kujua jambo wakati hajui hata mwanzo wake. Ukiweka keiki mahali pa kamaliʻi katika methali hiyo, ukali wake unapotea, kwa kuwa keiki anakuuliza "wa nani?" ilhali methali inazungumzia uchanga wa akili.

Asili ya kamaliʻi inaonekana wazi ukilinganisha na lugha dada za Polinesia. Wamaori husema tamariki, Watahiti tamariʻi. Kihawaii kiligeuza t kuwa k, r kuwa l, na k ya zamani ikawa kile kikwamo cha koo kinachoandikwa ʻ. Pitisha tamariki katika mabadiliko hayo herufi kwa herufi, utatoka na kamaliʻi. Hii ndiyo sababu alama hiyo, ʻokina, si pambo. Ni konsonanti kamili, moja kati ya nane za lugha hiyo, na mahali ilipo zamani palikuwa na k.

Neno la Kihawaii kama ni tama ileile ya kale, iliyomo ndani ya tamariki, na ndilo neno ninalofikiri Mswahili ataligundua haraka kuliko wengine wote. Tunalo la kufanana nalo: mwana. Kama vile mwana linavyoishi zaidi ndani ya maneno mengine, mwananchi, mwanahewa, mwanafunzi, kuliko likiwa peke yake, ndivyo kama ya Kihawaii inavyoishi ndani ya maambatano. Kamaʻāina, kwa neno moja moja, ni mwana wa ardhi: mwenyeji, mtu aliyezaliwa au kuzoea mahali. Siku hizi maduka na hoteli za Hawaii hutoa bei ya kamaʻāina kwa wakazi, na hapo maana imeteremka hadi kitambulisho cha anwani. Kamapuaʻa, shujaa wa visasili anayejigeuza nguruwe, ni kama na puaʻa, mwana-nguruwe. Kamalei, jina la kupenda, ni mtoto aliye kama lei, koja la maua linalovaliwa shingoni.

Lakini si kila kama ni mwana. Kosa maarufu ni kulichambua jina la mfalme Kamehameha kana kwamba lina mtoto ndani. Linagawanyika ka mehameha, mpweke. Kamaʻilio ni kuzungumza, kāmaʻa ni viatu, na kamanā ni seremala, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Anayesaka maana kwa kukatakata maneno bila kuangalia urefu wa irabu na mahali pa ʻokina atazalisha watoto wasiokuwepo.

Jinsia huongezwa kwa njia mbili zisizolingana. Mvulana, au mtoto wa kiume, ni keiki kāne, keiki ikifuatwa na neno la mwanamume. Msichana ana neno lake kamili, kaikamahine, ambalo pia ni binti na mpwa wa kike. Keiki wahine husikika, lakini kaikamahine ndilo la kawaida. Wingi wake ni kaikamāhine, irabu ya silabi ya tatu ikirefushwa. Ni maneno machache tu ya watu yanayofanya hivi: kupuna na kūpuna, makua na mākua, wahine na wāhine, kanaka na kānaka. Ukisahau mstari juu ya irabu, ule uitwao kahakō, umeandika umoja mahali pa wingi. Na angalia jirani yake wa karibu, kaikuahine. Huyu si binti bali ni dada, tena dada wa mwanamume tu. Mwanamke hana kaikuahine. Dada yake mkubwa ni kaikuaʻana na mdogo ni kaikaina, maneno yaleyale anayotumia mwanamume kwa kaka zake. Herufi mbili zikikosewa, binti wa mtu anageuka kuwa dada yake, na nimeona msururu wa ukoo mzima ukivurugika kwa hilo.

Mtoto mchanga siku hizi ni pēpē, lililokuja kutoka Kiingereza. Irabu zote mbili ni ndefu. Pepe fupi ni kitu kilichobonyea au bapa. ʻŌpio ni kijana, aliyevuka utoto lakini hajakomaa. ʻŌpiopio, urudufishaji wake, ni -changa kwa maana pana, hata kwa mmea au tunda. Kinyume chake ni oʻo, kupevuka. Kwa kuwa ʻōpio huanza na ʻokina wala si na o, kibainishi chake ni ka: ka ʻōpio.

Kisha kuna nafasi ya kuzaliwa. Kifungua mimba ni hiapo, na katika jamii ya zamani neno hili lilikuwa na uzito wa kisheria na wa kiroho, kwani hiapo ndiye aliyefundishwa nasaba na desturi za ukoo. Kitinda mimba ni muli loa. Katikati hakuna jina moja linalotosha, ila kuna pōkiʻi, mdogo mtu, linalosemwa kwa upole na hata kutumiwa na viongozi kwa wafuasi wao. Wajukuu huhesabiwa kwa tarakimu zinazodanganya: moʻopuna ni mjukuu, moʻopuna kuakahi ni kitukuu, moʻopuna kualua ni kilembwe. Kahi ni moja na lua ni mbili, lakini hesabu inaanza baada ya mjukuu. Anayetafsiri kuakahi kuwa mjukuu wa kwanza amepoteza kizazi kizima.

Sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote ni ya watoto wanaolelewa na wasiowazaa. Kiingereza, na hata Kiswahili cha mahakamani chenye kuasili, hutupa neno moja la kufunika mambo ambayo Kihawaii kinayatenganisha.

Keiki hānai ni mtoto aliyetolewa alelewe na wengine. Hānai ni kulisha, kulea. Hilohilo hutumiwa kwa kulisha mifugo. Mtoto hutolewa mara nyingi akiwa mchanga, tena kwa jamaa, na wazazi wa kumzaa hawafichwi. Desturi ya zamani ilimpa bibi na babu haki ya kwanza: hiapo wa kiume alikuwa wa upande wa baba, hiapo wa kike wa upande wa mama, na wazazi ndio walioomba kubaki naye kama walitaka. Mary Kawena Pukui, aliyezaliwa mwaka 1895 na ambaye kamusi aliyoiandaa na Samuel Elbert mwaka 1957 ndiyo bado tunayoifungua sote, alilelewa hivyo na bibi yake mzaa mama huko Kaʻū. Ujuzi mwingi wa maneno haya umetufikia kupitia mafunzo aliyoyapata kwa bibi huyo.

Makabidhiano yalikuwa na maneno yake: Nāu ke keiki kūkae a naʻau. Kwa lugha isiyo na aibu, mtoto ni wako, mavi na matumbo. Maana yake ni kwamba umempokea mzima, na usafi na uchafu wake, na aliyemtoa harudi kumdai. Malkia Liliʻuokalani, aliyezaliwa mwaka 1838 kwa Kapaʻakea na Keohokālole, alitolewa papo hapo kwa Pākī na Konia. Bernice Pauahi, binti wa Pākī na Konia, ndiye aliyekuwa dada yake wa hānai, na malkia aliandika baadaye kwamba hakuwajua wazazi wengine zaidi ya hao waliomlea. Yeye mwenyewe alilea watoto wa hānai, na mwaka 1909 aliweka mali yake katika amana kwa ajili ya mayatima.

Hoʻokama ni kitu kingine. Hoʻo- ni kiambishi cha kufanya, kwa hiyo hoʻokama ni kumfanya mtu kuwa kama, mwana. Msingi wake ni mapenzi, si malezi. Anayehoʻokamwa anaweza kuwa mtu mzima mwenye nyumba na watoto wake. Hahami, halishwi, bali anatambuliwa kuwa mwana, na yeye anatimiza wajibu wa mwana. Kumwita huyu keiki hānai ni kosa, kwa kuwa hakuna aliyemlisha. Kumwita keiki hānai kuwa keiki hoʻokama kunafuta miaka ya malezi. Kwa mfasiri wa habari za ukoo, swali la kuuliza kabla ya kuchagua ni hili: je, mtoto huyu alilala na kula katika nyumba hiyo? Kama ndiyo, hānai. Kama uhusiano ulifungwa kwa moyo na kutamkwa tu, hoʻokama. Neno la tatu, luhi, ambalo kwa kawaida ni uchovu na kazi ya kuchosha, hutumika pia kwa mtoto unayemlea kwa jasho lako.

Umiliki wa sarufi haubadiliki katika haya yote. Kaʻu keiki hānai, koʻu makua hānai: mtoto wa kulea yuko upande wa a kama wa kuzaa, na mzazi mlezi yuko upande wa o kama mzazi wa damu. Lugha haiweki daraja kati yao.

Mimea nayo ina watoto wake. Kalo, ambalo katika mabonde yetu tunalijua kwa jina la jimbi, huzaa machipukizi pembeni ya tunguu mama, na chipukizi hilo huitwa ʻohā. Kutoka hapo likatoka ʻohana, jamaa. Chipukizi la mgomba ni pōhuli. Katika masimulizi ya asili, mtoto wa kwanza wa Wākea na Hoʻohōkūkalani alizaliwa bila uhai, akazikwa, na kaburini ukaota mmea wa kalo. Wa pili, Hāloa, ndiye babu wa watu. Kalo basi ni kaka mkubwa wa binadamu, na methali isemayo He keiki aloha nā mea kanu, mimea ni watoto wapendwa, inasema jambo ambalo kwa mkulima wa huko ni nasaba kabisa.

Dunia nzima ya wakulima wa okidi imeazima keiki kwa maana hii ya chipukizi. Okidi ya Phalaenopsis wakati mwingine, badala ya ua, huotesha mche mdogo kwenye kifundo cha kikonyo. Huo ndio keiki, na ni nakala kamili ya mama yake. Hutokea sana mmea ukipata joto jingi au moyo wake ukianza kuoza. Usiukate ukiwa na majani tu. Subiri mizizi yake yenyewe ifike sentimita 5 hadi 7 na majani yawe angalau mawili, kisha kata kikonyo pande zote mbili kwa wembe uliosafishwa kwa spiriti, ukibakisha sentimita 2 au 3 kila upande, na uupande kwenye chungu kidogo chenye magome ya mti. Ukikatwa kabla ya mizizi hunyauka ndani ya wiki chache, kwa sababu maji yote ulikuwa unayapata kwa mama.